Mkwe wa Bibi Funguo

"Ukiona nimenyamaza sana, nifinye," Mwalimu alimwambia Fundi walipofika mlangoni. "Na ukiona naongea sana, nifinye vilevile."

"Sasa nitakufinya mpaka lini? Mama atasema nimemletea mchumba mwenye alama mwili mzima."

Mwalimu alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kukopa. Yeye ambaye huingia darasani kwa vijana wanaopiga miayo, akawatuliza kwa kukohoa tu, leo alikuwa ameushika mkoba kama mtu anayeogopa kuporwa. Kisa ni kimoja. Fundi alishamweleza mapema, bila kuzungukazunguka, kwamba mama yake alimlea peke yake kwa cherehani, na kwamba mama huyo asiposema ndiyo, ndoa haitakuwapo. "Si kwamba namwogopa," alimwambia. "Ni kwamba sitaweza kufurahi." Mwalimu alizidi kumpenda kwa neno lile, na neno lilelile likamnyima usingizi.

Fundi alikuwa fundi wa lifti. Kutwa alikuwa akining'inia ndani ya mashimo ya majengo marefu, akirudi na grisi kwenye kucha ambayo sabuni zote zilikuwa zimeishindwa. Na bado mtu huyo alikulia katika nyumba nyembamba ya ngazi za mbao, chumba juu ya chumba. Mwalimu alipenda kumtania kuwa alichagua kazi ile kwa sababu utotoni alichoshwa na kupanda.

Mlango ulifunguliwa na mama mdogo wa Fundi, mwanamke mnene mwenye macho ya utundu na unga mikononi.

"Ndiye huyu? Mbona hukusema ni mzuri hivi? Ungeniambia na mimi ningevaa vizuri!" Akamkumbatia Mwalimu kwa viwiko ili asimchafue. "Ingia mwanangu, ingia. Dada yuko juu, anajifanya ana kazi. Tangu asubuhi anapiga pasi pazia hilohilo moja."

Mwalimu akaingia hatua mbili, akasimama.

Dirisha la pale chini lilikuwa la vioo vyeupe, isipokuwa kimoja cha pembeni, cha kijani. Chini yake palikuwa na meza ndefu ya kukatia nguo, na juu ya meza alama ya pasi iliyounguza mbao. Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari mnene usio na kitu, na rangi ya ukuta chini ya msumari ilikuwa imechubuka, ishara kwamba zamani kitu kizito kilikuwa kikining'inia pale na kugusagusa ukuta. Mwalimu alijua ni kitu gani: shada la funguo. Hakuwahi kufika nyumba hii hata siku moja, lakini angeweza kuitembea amefumba macho, kwa sababu kila mwaka aliisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wake.

Hapo inafaa tusimame kidogo, maana si kila mtu amekaa darasani kwa Mwalimu. Kipo kitabu ambacho kila kijana aliyepita shule amelazimishwa kukisoma, na ndani yake yumo mwanamke aitwaye Bibi Funguo. Ameketi nyuma ya cherehani, funguo kiunoni, na nje kwenye mvua kijana anayempenda anagonga mlango huku homa imempanda. Anagonga, anaita, anaomba. Mwanamke anamsikia na anaendelea kushona. Asubuhi kijana anaokotwa kizingitini, na kurasa chache baadaye anakufa. Mpaka leo mtaani, mwanamke akiwa na roho ngumu huitwa Bibi Funguo, hata na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu chochote.

Mwalimu huwafundisha vijana wake kwamba mwandishi humjenga mhusika kwa anayoyasema, kwa anayoyatenda na kwa yale wengine wanayosema juu yake. Kisha huwauliza, je, huyu amejengwaje? Nao humjibu kwa pamoja: katili. Dhamira ya kitabu? Usaliti. Ni swali la mteremko, hakuna anayelikosa.

Asichowaambia ni kwamba aliyekiandika kitabu kile, kwa jina la kalamu, alikuwa baba yake. Mwalimu hakutaka usumbufu wa vijana wala sifa za walimu wenzake. Hata Fundi alijua tu kwamba baba mkwe wake alikuwa mwalimu na alishafariki, na yote mawili yalikuwa kweli.

Mwalimu alikulia nyumba moja na yule mwanamke wa kitabuni. Mama yake mzazi alimwita "mke mwenzangu", kwa utani uliokuwa haumchekeshi mtu. Baba alimsimulia habari zake kila jioni kabla ya kulala, na kila jioni akazisimulia tofauti kidogo, kama anatafuta kitu alichokidondosha humo ndani. Siku zake za mwisho, amebaki mifupa na macho, alimshika binti yake mkono akamuuliza, "Kwa nini hakufungua?"

"Baba, si wewe uliyemwandika?"

"Nilimwandika," alisema mzee. "Sikumjua."

Alikufa na swali lake mdomoni. Lakini swali halikuzikwa. Mwalimu alilisikia akisahihisha madaftari, alilisikia akipika, na mara nyingine alilisikia katikati ya somo, kwa sauti ya baba kabisa, akalazimika kugeukia ubao mpaka macho yamkauke. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba nyumba ile na mwanamke yule baba yake aliwatunga. Sasa alikuwa amesimama ndani ya utunzi, na ulikuwa unanukia sabuni.

"Unaumwa?" Fundi alimnong'oneza.

"Hapana. Naipenda nyumba yenu."

"Panda basi ukamwamkie mama," mama mdogo alisema. "Wewe Fundi bakia hapa unishushie hili sufuria. Mwache mwenzio akajieleze mwenyewe, hutakwenda kumsemea."

Mwalimu akapanda. Mbao zilikuwa za zamani, zimelika katikati kwa miguu ya watu. Alijisemea hii ni bahati tu, nyumba hufanana, hata watu hufanana. Alipokaribia juu, mguu wake ulirefuka wenyewe, ukaruka kidato kimoja, ukatua kinachofuata. Wala hakujua kwamba ameruka.

"Simama hapohapo."

Mama yake Fundi alikuwa amempa mgongo, pasi mkononi, ameinamia meza. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, mabega yamenyooka.

"Shikamoo, mama."

Pasi ilisimama juu ya pazia.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mchumba wa—"

"Sikuulizi utakuwa wa nani. Nakuuliza ulikuwa wa nani."

Yule mama akageuka polepole. Uso wake haukuwa na ukali wowote, ulikuwa umepauka tu, na midomo ilimcheza.

"Kidato hicho ulichokiruka kinalia," alisema. "Kinamlilia kila mtu. Mwanangu ameomba akikaze mara ngapi, nimemkatalia. Nataka nijue nani anapanda. Tangu niwe msichana, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kukiruka, kwa sababu alikuwa akija wakati baba yangu amelala. Nimesikia nyayo zako zinapanda. Nimesubiri mlio, haukuja. Nikasema, basi, amerudi."

Kitabuni kidato hakimo, maana kitabuni kijana haingii kabisa ndani. Kidato kilikuwa katika zile simulizi za jioni. Baba alikuwa akimshika mkono, akipanda naye ngazi za kwao, na karibu na juu akaruka naye na kumnong'oneza, "Hiki kinalia." Miguu ya mtoto iliyaweka hayo, na kichwa kikasahau.

"Alikuwa baba yangu," alisema.

"Alikuwa?"

"Amefariki, mama."

Yule mama alifumba macho. Moshi ukaanza kutoka kwenye pazia chini ya pasi, na hakuna aliyeigusa. Chini, Fundi alisikia harufu akapanda mbio, na kidato kikalia chini ya mguu wake kwa sauti kali, hata wote wawili wakashtuka.

"Mama, kunaungua nini? Pazia!" Aliinyanyua pasi, akaipuliza nguo, kisha akawatazama. "Kuna nini? Mmegombana tayari? Hata chai bado!"

"Mwanangu," alisema mama yake, "unakumbuka vile vitabu vyako vya shule vilivyokuwa vikipotea?"

"Vile vya Bibi Funguo? Si ulisema panya."

"Nilivitia motoni."

"Vyote?"

"Vyote. Na kile cha maktaba."

Fundi alitaka kucheka, kisha akauona uso wa Mwalimu, kicheko kikafa. Aliangalia mashine ya cherehani pembeni. Akaangalia mikono ya mama yake. Kuelewa kulimfikia kidogokidogo, na ungeweza kukuona kunavyomfikia.

"Mama. Mimi niliwahi kumwigiza yule mwanamke. Shuleni. Nilifunga kopo kiunoni likawa funguo, darasa zima likavunjika mbavu. Nilikuja hapa nikakuonyesha!"

"Ulinionyesha."

"Na wewe ulicheka."

"Ningefanya nini? Uliigiza vizuri."

Fundi akakaa sakafuni, hapohapo, akajishika kichwa kwa mikono yake ya grisi. Mama mdogo alikuwa amefika ngazini akihema, ameelewa bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza pengine tangu azaliwe alinyamaza.

"Binti," alisema mama yake Fundi, "baba yako alinipa mikono, akanipa kiuno, akanipa funguo. Mdomo hakunipa. Kitabu kizima sisemi hata karibu. Umewahi kuliona hilo?"

Mwalimu alikipitisha kitabu kichwani, ukurasa kwa ukurasa, maana alikuwa anakijua kwa moyo. Majirani wanasema juu yake. Shangazi yake anasema. Kijana anasema mpaka anakauka koo. Yeye hasemi. Miaka yote alikuwa akiwaambia vijana mhusika hujengwa kwa anayoyasema, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza, mwalimu, huyu kasema nini?

"Sikuliona, mama. Nisamehe."

"Sikuchukii wewe. Hukuwa umezaliwa." Alivuta kiti chenye nguo, hakukikalia, akakishika tu mgongo wake. "Lakini sitaki uolewe humu."

"Mama!" Fundi alisimama.

"Mwache nimalize. Tangu ameingia anatazama. Umetazama dirisha, umetazama msumari, sivyo, binti? Hata sasa hivi unaitazama mikono yangu na unaitafutia maneno. Ni macho yake yale. Nilikuwa nikilia mbele yake, na katikati ya kilio namwona anatafuta neno. Nimekaa na macho yale ndani ya nyumba hii maisha yangu yote. Nikitoka dukani watu wananiona mimi, wanamtaja yeye aliyeandikwa, hawajui kwamba wanamtaja aliyesimama hapo. Sasa nimezeeka, nataka kula chakula changu bila kutazamwa. Ni kosa?"

Mwalimu aliinamisha uso. Ilikuwa kweli. Ile mishipa ya viganja vya yule mama, alikuwa ameshaipa sentensi. Alijichukia.

"Nitawaambia ukweli," alisema haraka. "Nitasimama darasani niwaambie wamekosea, na mimi nimekosea. Nitawafundisha upya. Watajua wewe si katili."

"Ili niwe nani?"

"Mama?"

"Nikishakuwa si katili, utanifanya nani? Malaika? Mwanamke aliyeonewa? Vijana wataandika kwenye mtihani, dhamira ni huruma, watapewa alama." Alitikisa kichwa. "Huko nako ni kuandikwa, mwanangu. Niache."

Neno "mwanangu" lilimponyoka, na kila mtu mle ndani alilisikia. Fundi alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akamtazama yeye, na katika mtazamo ule kulikuwa na kila Jumapili waliyokwisha kupanga, na chumba walichokwisha kukichagulia rangi, na watoto waliokwisha kuwagombania majina kwa utani. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka mbavu zikamuuma. Alifungua mdomo amwombe mama yake kwa ajili ya yale yote, na kilichotoka si alichokusudia.

"Kwa nini hukufungua?"

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya chini, ya taratibu, imechoka. Mama mdogo alijishika kifua. Yule mama mwenyewe alirudi nyuma hatua moja akaegemea meza.

"Hilo ni swali lako au lake?" aliuliza hatimaye.

"Lake," Mwalimu alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Alikufa nalo. Ameniachia mimi. Halinipi nafasi, mama, halinipi nafasi hata nikilala."

"Na lako ni lipi?"

"Langu ni kama utanikubali."

Yule mama alimtazama. Mtaani chini mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika unakwenda na kurudi.

"Jibu ninalo," alisema. "Sijampa mtu yeyote, hata mdogo wangu huyu hajui, na anajua mpaka nilichoota jana. Naweza kukupa wewe. Kweli kabisa, bila kuficha. Lakini siwezi kukupa yote mawili. Nikikwambia, utaondoka nalo. Utalipeleka kaburini kwake umpumzishe, na mimi sitakulaumu, mzazi ni mzazi. Ila siwezi kukaa meza moja na mkwe anayenipitishia chumvi huku anajua lile. Na nikikukubali, basi hutaniuliza tena. Si leo, si nikiugua, si siku nitakayokata roho. Kwa hiyo chagua."

"Mama, huo si uungwana," Fundi alisema. "Unamwambia achague kati yangu na baba yake?"

"Namwambia achague amekuja hapa na nani."

Fundi akamgeukia Mwalimu. Wengine wangeomba, wangepiga magoti. Yeye alisema tu, "Ukichagua baba, nitakusindikiza mpaka kwenu. Sitakukasirikia," kisha akatazama ukuta, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na hakutaka yawe ndiyo yanayoamua.

Mwalimu alisimama katikati ya chumba kile. Alimhisi baba yake. Kama utasema ni mawazo, sema, lakini alimhisi nyuma ya bega la kushoto, karibu kabisa, na pumzi zake fupi za hospitali, akiwa amenyoosha shingo asikose neno. Mzee aliandika, akachapisha, akasifiwa, na umri wote ule alikuwa anasubiri hapa. Sentensi moja ingetosha. Yeye binti yake ndiye aliyefikishwa mbele ya mdomo ambao baba hakuwahi kuuandika, na mdomo wenyewe ulikuwa tayari. Nani mwingine angemsaidia, kama si yeye? Na kitabu kingekamilika. Mwalimu ndani yake alilitamani jibu lile kama mtu mwenye kiu, hilo tusimfichie.

Alikaa kimya mno. Yule mama akauelewa ukimya ule kwa namna yake, akashusha pumzi ya mtu aliyeshindwa na aliyezoea kushindwa.

"Haya," alisema. "Siku ile, baba yangu alikuwa—"

"Usiniambie!"

Mwalimu alikuwa amepaza sauti hata mwenyewe akashtuka. Alikuwa ameyaziba masikio kwa mikono miwili kama mtoto.

"Usiniambie, mama. Nakuomba. Nataka kuolewa."

Alishusha mikono. Alikuwa analia waziwazi sasa, mabega yanaruka, pua inachuruzika, wala hakujali anaonekanaje. Fundi alipiga hatua kumwendea, na mama yake akamzuia kwa kiganja, bila kumtazama, akamwendea Mwalimu mwenyewe. Alisimama karibu naye.

"Yupo?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Yupo."

"Anaita?"

"Anaita, mama."

"Anasemaje?"

"Anauliza mbona namwacha. Anasema ilibaki kidogo tu."

"Na hutaki kumpelekea?"

"Sitaki."

"Si kwamba humpendi."

"Nampenda!" Mwalimu alisema kwa uchungu. "Nampenda sana, baba yangu yule!"

"Inauma?"

"Inauma, mama. Sijui nisemeje. Inauma sana."

"Ndivyo ilivyokuwa nyuma ya mlango ule," alisema yule mama, akaondoa nguo kwenye kiti ili mkwe wake apate pa kukaa.